Kikwembe cha Yaya Jukwaani

Vidole vyangu vilikitambua kabla ya macho. Nilikuwa nimesimama pembeni mwa jukwaa, pale gizani wachezaji wanapongojea zamu yao, na kazi yangu ilikuwa kumfunga mchezaji mkuu ndoana za mgongoni. Palikuwa na taa moja tu ya buluu, hafifu, ili watazamaji wasituone. Binti mchezaji akaja amejitanda joho lake, akalivua, akanigeuzia mgongo kama kila siku. Nikashika kizibao huku na huku, nikaanza kufunga kutoka chini. Nilipofika kiunoni, kidole gumba kikapita juu ya mahali palipotililiwa kwa mkono: uzi mnene, mishono mifupi, inapanda kidogo kuelekea kulia kama mwandiko wa mtu anayeandika juu ya goti. Ule ni mkono wa mama yangu. Mama alikufa zamani, na hakuwahi kufika Amerika.

Nikainama nikanusa. Sabuni. Ile sabuni ya maua ya kwenye mashine zetu za kufulia pale kazini.

Muziki ulikuwa umeshaanza. Nikamalizia kufunga. Nasema kweli, nilimalizia mpaka ndoana ya juu, maana mikono ya mtu aliyezoea kazi haingoji kichwa. Binti akavuta pumzi, akapanda juu ya ncha za vidole, akaingia kwenye mwanga wa jukwaa. Hapo ndipo nikakiona kwa macho. Kikwembe cha yaya, dada yangu mkubwa. Cha manjano, chenye ndege weusi wa mikia mirefu, kimekatwa kikabanwa kifuani mwa mtoto wa watu, na chini yake kumeshonwa neti za kijivu zilizounguzwa pindo. Ubavuni, upande wa kulia, palikuwa na damu. Ilikuwa damu ya rangi, imepakwa vizuri kwa brashi.

Yaya alipigwa risasi upande wa kushoto.

Watu wakapiga makofi.

Majina ya waliofanya hivi nayajua yote. Siyaandiki, kwa sababu wao wana mawakili na mimi sina. Lakini nitamtaja kila mmoja kwa kazi yake, na mwenyewe akisoma atajijua.

Sisi watu wa Uvira, mashariki ya Kongo, dada mkubwa tunamwita yaya, na kitenge cha kujifunga tunakiita kikwembe. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha vita vya kwanza vikafunga shule, na zilipofunguliwa mimi nilikuwa tayari nimekaa kwenye cherehani ya mama. Kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa hapa. Naandika kama ninavyosema.

Siku tuliyokimbia hatukuvaa matambara. Watu ambao vita havijawapitia wanadhani mkimbizi anatoka nyumbani na nguo mbovu. Sivyo. Mtu anayekimbia anavaa nguo zake nzuri zote, moja juu ya nyingine, kwa sababu kitakachobaki nyumbani kitachomwa au kitabebwa. Barabara siku ile ilikuwa kama ya watu wanaokwenda arusini, ila hakuna aliyeimba. Yaya alivaa gauni la kanisani, juu yake sketi, na juu kabisa kile kikwembe cha manjano. Mama alikuwa amekitililia kiunoni, palipokuwa pameraruliwa na msumari wa mlango.

Risasi zilitoka kwenye miwa. Yaya alikaa chini taratibu, kama mtu anayepumzika. Nikafungua kikwembe chake nikamfungia ubavu wa kushoto, nikakaza. Akaniambia, "Usikaze hivyo, mdogo wangu, nitashindwa kutembea." Nikakilegeza. Nilikuwa nakifungua nikifunge upya alipokata roho, na watu wakanivuta mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa umeshika kikwembe, basi kikaja na mimi.

Tuliporudi kumchukua, mahali pale hapakuwa na mtu. Wala majani hayakuwa yamelala. Nilidhani nimekosea njia, lakini kiatu chake kimoja kilikuwa pale pembeni, kimekaa wima, kama vile mtu amekivua mlangoni akaingia ndani. Mpaka leo nikifumba macho sioni yale mabunduki. Naona kile kiatu.

Katika ukoo wetu, mtu asiyepatikana anazikwa kwa nguo yake ya mwisho. Inashushwa kando ya kaburi la mama yake, na anayeishusha ni kaka mkubwa. Lakini nguo iwe kama alivyoiacha. Haifuliwi. Jasho lake, vumbi lake, damu yake, huyo ndiye mtu. Ukiifua umebaki na kitambaa. Na mpaka siku ya kuzika haifunguliwi kutazamwa ovyo. Kaka yetu tulipotezana naye miaka mingi. Mimi nilikuwa kambini upande wa Tanzania, yeye hajulikani yuko wapi. Nilipompata kwa simu nilikuwa nimeshaletwa Saint Paul, huku Amerika. Tukapanga nirudi tumzike yaya. Kisha vita vikarudi kwetu, na njia zikafungwa.

Kaka akasema, "Kaa na yaya huko, dada. Umutunze vizuri. Tutamuzika njia ikifunguka."

Basi nikakaa na yaya mtaa wa Frogtown, kwenye chumba cha ghorofa ya pili, karibu na reli ya University Avenue. Alikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa cheupe, nyuma kabisa ya kabati, amefungwa kwa uzi. Kila asubuhi kabla ya kutoka nilikuwa naweka kiganja juu ya mfuko. Basi. Kikwembe kilikuwa kikavu, kigumu pale palipoganda, na kiganja changu kilijua ule ugumu uko wapi.

Kazi ya baleti nilitafutiwa na mwenzangu mmoja, mwanamke wa Mombasa anayekaa mji wa Crystal, ambaye tulifahamiana tulipokuwa tunafungasha mizigo kwenye ghala moja huko Savage. Yeye aliondoka mapema akaenda kushona, kisha akanipigia simu.

"Mama Kongo, wacha kubeba maboksi. Njoo huku tunashonea vijibinti vinavyocheza kwa ncha za vidole. Mwembamba vile, shoga, ukipiga chafya anaangukia jimbo la pili huko Wisconsin."

Chumba cha mavazi kiko juu ya ukumbi, katikati ya Minneapolis. Siku ya kwanza nilitaka kugeuka nirudi nyumbani. Sketi zile za duara, wanaziita tutu, hazitundikwi kama nguo. Zinatundikwa kichwa chini miguu juu, kwenye vyuma vya darini, ili neti zisilale. Mstari mzima wa wanawake wasio na vichwa wala miguu, wananing'inia juu yako unaposhona. Hita ikiwaka zinaanza kutikisika, pole pole, zote pamoja, kama watu wanaopumua usingizini. Vizibao vimeshika maumbo ya miili: hapa mbavu, hapa titi, hapa bega lililo chini kuliko lenzake. Na ndani ya kila kizibao, mgongoni, kuna kitambaa kidogo kimeandikwa majina ya waliokivaa. Wa kwanza, chini yake wa pili, chini yake wa tatu. Mwingine ameacha kucheza, mwingine amezeeka, mwingine amekufa. Aliyepo sasa anaandikwa chini yao na anavaa jasho la wote.

Maana vizibao hivyo havifuliwi. Maji yanaviharibu. Vikinuka, vinanyunyiziwa vodka ya chupa, vinaachwa vikauke. Mwenzangu wa Mombasa, na hijabu yake, ndiye aliyepewa ile chupa.

"Kwetu pombe n'likuwa sipiti hata karibu na baa," akasema, huku ananyunyiza. "Nime-drive kwa theluji yote hii nije kuwanywesha makwapa ya watu. Mungu anacheka tu."

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa natazama yale majina. Nilijiambia, kumbe hata Wazungu wanajua. Nguo ya mtu haifuliwi. Jina lake linakaa ndani. Niliwaamini kwa sababu hiyo, na hapo ndipo palipoanzia yote.

Kisha kunguni wakaingia kwenye jengo letu. Msimamizi wa jengo akabandika amri mlangoni: kila nguo, kila shuka, kila pazia lifuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa kwa joto, au litupwe. Watu wa dawa watafungua kila kabati. Nilimwendea nikamwomba kuhusu mfuko mmoja tu. Akasema bila kuninyanyulia macho, "Kila nguo, mama. Siwezi kubagua." Yeye naye nimemtaja.

Yaya ningempeleka wapi? Nilifikiri mahali pamoja tu katika mji huu ambapo nguo hazifuliwi. Nikapanda treni nimempakata mapajani.

Chumba chetu kilikuwa na mkuu wake, mwanamke wa umri wangu, mpole wa sauti, mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Nilimwendea kabla ya kuweka kitu chochote. Nilimwonyesha mfuko. Nilimwambia kwa Kiingereza changu, na mwenzangu wa Mombasa akanisaidia palipopinda, kwamba ndani mna nguo ya dada yangu aliyekufa, kwamba haifunguliwi, haifuliwi, haiguswi, naiacha hapa mpaka jengo letu limalizwe kupigwa dawa.

Akaweka mkono kifuani. "Bila shaka. Kabati lile la mwisho, rafu ya juu, ni lako." Akaandika kwenye utepe "usiguse" akabandika mwenyewe.

Haya, sasa mjue walikuwa wanatengeneza nini. Mwaka huo baleti yao kubwa ilikuwa ya vita. Si vita vya nchi fulani. Vita tu, watu wanakimbia, wanaanguka, wanainuka wanacheza. Vita vilikuwa vimekuwa mtindo. Mbunifu wa mavazi alikuwa ameletwa kutoka mji mwingine, mwanamume mrefu, viatu vyeupe hata wakati wa theluji. Alifunika ukuta mzima kwa picha: wanawake wenye vifurushi kichwani, watoto, magari yaliyoungua, na katikati yao wachezaji wa baleti wa zamani ambao alisema walishona sketi zao kwa miavuli ya askari wa ndege, kwa sababu neti ilikosekana vitani. Rangi za mwaka ni hizi, akatuambia: majivu, matope, kutu. Viatu vya ncha vikapakwa rangi vifanane na buti. Tutu mpya kabisa, neti nyeupe ya bei, tukapewa tuzizeeshe.

Meza ya kuzeesha nguo nikawekwa mimi. Nilikuwa naunguza pindo kwa mshumaa, nakwangua mabega kwa kile cha kukwangulia karoti, napiga nyundo mifupa ya vizibao, vile vijiti vinavyovisimamisha, nachovya kwenye chai nzito. Nguo mpya inaingia asubuhi, mchana imetoka vitani. Mbunifu alikuwa anapita, anaitazama, anafumba jicho moja. "Zaidi," anasema. "Iumize zaidi."

Mezani kwangu niliegemeza simu. Kulikuwa na siku ambazo Uvira ilikuwa humo kwenye habari, watu wale wale, barabara ile ile, na mimi mkononi nina mshumaa. Nilikuwa naigeuza simu kifudifudi. Tutu za juu zinatikisika. Nilianza kuona kama zinatikisika hata hita ikiwa imezimwa, lakini sikumwambia mtu.

Siku moja wakati wa chai mbunifu akaniuliza mimi nilikimbiaje. Nikamwambia tulivaa nguo zetu nzuri. Akaweka kikombe chini. Akauliza yaya alivaa nini, nikamwambia. Akauliza rangi. Nikamwambia.

"Unayo bado?" akasema.

"Hiyo si ya kutazamwa," nikasema.

Akainamisha kichwa kwa heshima, akasema pole. Mkuu wa chumba alikuwa amekaa pale pale, miwani kifuani. Hakutazama upande wa kabati. Baadaye nilikuja kufikiri sana kuhusu namna ambavyo hakutazama.

Jengo letu likiwa bado linapigwa dawa, niliendelea kuweka kiganja changu juu ya mfuko kila asubuhi nikifika. Mfuko ulikuwa pale, uzi umefungwa, utepe wa "usiguse" umebandikwa. Kisha asubuhi moja kiganja kikakosa kitu. Mfuko ulikuwa laini. Nilibonyeza huku, nikabonyeza kule, nikitafuta ule ugumu. Nikajiambia ni joto la chumba, joto linalegeza. Sikufungua, kwa sababu haifunguliwi. Waliofanya walijua siwezi kufungua. Nilikuwa nimewaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na mkalimani juu.

Kizibao cha mchezaji mkuu kilishonwa ofisini kwa mbunifu, mlango umefungwa. Tuliambiwa ni siri ya onyesho. Sikukiona mpaka ile siku ya jukwaani, na hiyo nimeshawaeleza.

Pazia liliposhuka nilipanda ngazi moja kwa moja hadi kabatini. Nikakata uzi. Ndani mlikuwa na nusu ya kikwembe, kimepigwa pasi, kimekunjwa vizuri kama vya dukani. Ndege wanang'aa. Sikuwahi kuona manjano yale tangu kabla ya vita. Nilikuwa nimesahau yalikuwa makali hivyo. Nilikigeuza upande huu na huu kutafuta doa hata dogo. Hakuna. Yaya alikuwa ametoka kabisa.

Mwenzangu wa Mombasa alikuwa nyuma yangu. Nikamwonyesha. Akashika mdomo.

"Ndicho kile?"

"Ulikuwepo nikimweleza mkuu. Ulinisaidia maneno."

"Shoga, mie nilikuwa sijakiona. Wewe ulituonyesha mfuko, hukutuonyesha nguo. Nilipewa kimetoka kwenye mashine ya kukaushia, bado kina moto, nikaambiwa piga pasi. Nikapiga. Nguo za kupiga pasi zilikuwa mlima."

"Nani alikupa?"

"Kilikuwa kwenye kikapu. Kikapu kimewekwa mezani kwangu."

"Nani aliweka kikapu?"

Akaanza kulia. Naye nimemtaja. Nampenda, lakini nimemtaja.

Mkuu wa chumba alipoulizwa akasema kulikuwa na tangazo ukutani la kuwaomba watu walete vitambaa vya nyumbani kwao, akadhani nimebadili mawazo. Nikamuuliza ule utepe aliubandika nani. Akasema pengine kulikuwa na kutoelewana. Mbunifu yeye hakukana kukata. Alisimama na viatu vyake vyeupe akanieleza kwamba alilia siku aliyokiona, kwamba kitambaa kama kile hakiwezi kuigwa, kwamba kilikuwa kinakaa gizani na sasa kina uhai.

"Na damu?" nikamuuliza. "Umetoa yake, ukapaka yako."

"Ile halisi kwa taa za jukwaa ilionekana kahawia," akasema. "Ingedhaniwa ni uchafu."

Nakumbuka nilikaa chini.

Onyesho likaendelea. Nilitaka wakifumue siku ile ile, wakasema tiketi zimeuzwa, vazi ni mali ya kampuni, tusubiri msimu uishe. Nikataka kuacha kazi, mwenzangu akanishauri nisiache: "Ukitoka humu, atakifunga nani? Angalau awe mikononi mwako." Nikabaki. Kila siku ya onyesho nikawa namfunga yaya mgongoni mwa yule binti, na kumfungua.

Yule binti simtaji na wenye makosa, kwa sababu hakujua. Baada ya siku chache akaanza kunitazama kwa kioo nikimfunga.

"Ndani ya hiki hakuna jina," akaniambia. "Vyote vina majina. Aliyekivaa kabla yangu ni nani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Ninapoanguka kwenye sehemu ya tatu, ninalala pale sakafuni, sipaswi kupumua. Na mimi sipumui. Lakini kizibao kinapumua."

Nikafikiri ananitania. Hakuwa anatania, shingo yake ilikuwa imesimama vinyweleo, nilikuwa naiona mbele ya pua yangu.

Tena akasema upande wa kushoto kuna baridi. Upande ule haukuwa na damu ya rangi, haukuwa na kitu. Na ndoana za upande huo zikaanza kufunguka zenyewe katikati ya ngoma. Nilizikaza kwa koleo, zikafunguka. Nilizishonea uzi maradufu, uzi ukalegea, haukukatika, ulilegea, kama mtu ameuomba taratibu. Mkuu wa chumba akasema mimi ndiye ninayezilegeza kwa hasira. Wakampa kazi mwingine amfunge, wakaniweka mbali kabisa, chumbani juu. Zikafunguka pia. Wakati huo mimi nilikuwa chini ya zile tutu, mikono mitupu mapajani, nikisikia muziki kwa mbali kwenye sakafu, na nikifika pale panapochezwa kuanguka nikawa nasikia yaya akisema usikaze hivyo. Sikuota. Nilikuwa macho, ilikuwa mchana, jua limejaa kwenye theluji ya dirishani.

Mwenzangu wa Mombasa alikataa kukigusa tena kizibao kile, hata kwa ile vodka. "Bibi wee, hii nguo ina mwenyewe," akasema, akaanza kusoma dua zake kimya kimya huku anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Msimu ulipokwisha mkurugenzi wa kampuni akaniita. Chai, biskuti, sofa. Akasema wanasikitika kwamba nimejisikia hivyo. Akanipa kizibao ndani ya boksi zuri lenye karatasi laini. Akasema msimu ujao wangependa kuandika hadithi ya dada yangu kwenye kitabu cha onyesho, na mimi nikae viti vya mbele. Nikamuuliza swali moja tu: nani alikitia kwenye mashine? Akasema hilo ni jambo la ndani, na si vizuri kutafuta wa kulaumiwa. Wiki iliyofuata nikaambiwa kwamba kazi zimepungua.

Nikakaa nacho siku kadhaa kabla ya kumpigia kaka. Nikampigia kwa video, nikamwonyesha. Alikuwa amekaa mahali penye ukuta wa mabati, kwa watu, maana nyumba yake ameiacha tena. Nilidhani atapiga kelele. Alisogeza uso karibu na simu, akatazama.

"Dada. Ile kikwembe wameifula?"

"Wameifua, kaka."

"Yote?"

"Yote. Hata palipoganda."

Akashika kichwa. Nyuma yake mtoto wa watu alikuwa anacheka, anakimbiza kitu.

"Basi wamemuosha," akasema. "Si kufula ile. Nguo ilikuwa yeye. Wamemuosha maiti."

"Sasa tutamzika namna gani? Au hatumziki?"

"Tunaweza kumuzika. Aliyeoshwa anazikwa. Lakini unajua kwetu: aliyemuosha maiti anajulikana. Anasimama mbele ya ukoo, anasema ni mimi nilimuosha, nilimukuta hivi, nilimuacha hivi. Halafu tunateremusha kaburini. Bila yule mutu, mimi nateremusha nini? Sitaweza, dada. Muulize nani alimuosha."

"Hawasemi."

"Uwaulize tena."

Nimewauliza tena. Mbunifu amenijibu kwamba yeye alipokea kitambaa kikiwa safi tayari, wakati ni yeye aliyeniambia ile damu halisi ilionekana kahawia. Mkuu wa chumba amesema mashine zinaendeshwa na yeyote aliye karibu. Mwenzangu anasema kikapu. Msimamizi wa jengo letu anasema sheria ni sheria. Mkurugenzi hapokei tena simu yangu. Watu wote wale wanaosomesha watoto na kulipa kodi za nyumba, na mashine moja ambayo haina mkono wa mtu.

Sitaki viti vya mbele. Sitaki hadithi kwenye kitabu. Vipande vyote nimeshavifumua, nimeviunganisha upya kwa mkono, na ile damu ya rangi imekataa kutoka. Nitampeleka hivyo hivyo. Ninalotaka ni mtu mmoja. Kuna mtu alipanda kwenye rafu, akaona utepe, akafungua uzi, akashika mkononi kikwembe kikiwa kigumu. Mtu huyo alijua kile ni nini. Kitambaa hakiwi kigumu vile bila sababu. Akamwaga sabuni, akafunga kimlango cha mashine, na kupitia kile kioo cha duara aliona maji yakibadilika rangi. Aliyaona. Alisimama pale au aliondoka?

Wewe. Simu ya kaka yangu iko wazi, na mimi nitakaa kando nikutafsirie. Huhitaji wakili. Mwambie ni wewe uliyemwosha yaya, mwambie ulimkutaje, ulimwachaje. Anangoja. Jibu.